Nilimwacha Akijenga

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunilaumu kwa kurefusha. Nilisifiwa kwa kufupisha. Mzee wa mlimani akipanda kizimbani akaanza habari ya ng'ombe wake tangu ng'ombe huyo alipokuwa tumboni mwa mama yake, nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikageuka kwa jaji na kusema kwa Kiingereza, "Anasema ng'ombe ni wake." Majaji walinipenda. Nao walikuwa wanawahi chakula cha mchana.

Naitwa Ignatius Mondesir, mtaani Inyas. Nilikuwa mkalimani wa Krioli katika mahakama ya kisiwa chetu. Sikuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimeshazoea kujitetea, sijui kuacha.

Kesi ilikuwa ya Ma Efrazi wa Mòn Lézar, kijiji cha mlimani. Siku ile aliposimama kizimbani alikuwa na miaka sabini na minne, amevaa gauni la kanisani, na viatu vinambana mpaka anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Alikuwa anadai kipande cha chini cha ardhi ya marehemu baba yake, pale penye chemchemi, ambapo jirani yake Linus Polius alikuwa amejenga nyumba ya matofali yenye baraza pana. Linus hakubisha kwamba ardhi ni ya baba yake Ma Efrazi. Wakili wake alikuwa na jibu moja tu: huyu mama amechelewa. Alimwona Linus anajenga, akanyamaza. Akaenda Martiniki, akakaa miaka kumi na moja akifua mashuka ya hoteli, amerudi amekuta nyumba imepakwa rangi na watoto wanacheza barazani, ndiyo anakumbuka kwamba ana ardhi. Mtu akikuruhusu ujenge, asiseme kitu mpaka umeezeka, kisha aje kukufukuza, mahakama haimsaidii. Ndiyo sheria, na si sheria mbaya.

Basi kesi nzima ikasimama juu ya swali moja. Wakili wa Linus alimwuliza, "Siku unaondoka kwenda Martiniki, Polius alikuwa anafanya nini pale?"

Ma Efrazi alijibu kirefu. Alisema Linus alikuwa amechimba msingi na kumwambia ni banda la nguruwe, na kwamba litabaki upande wake wa mpaka. Alisema boti ilikuwa inaondoka saa mbili asubuhi na bahari ilikuwa mbaya. Na katikati ya maneno hayo akasema: nilimwacha akijenga. Yaani, niliondoka, yeye nikamwacha yumo kazini. Katika Krioli, kinachotenganisha maneno hayo na "nilimwacha ajenge" ni silabi moja, *ka*, na Ma Efrazi hana meno ya mbele. *Ka* yake ilitoka kama pumzi.

Lakini niliisikia. Naomba nisisingizie masikio. Ilikuwa Ijumaa, saa saba na nusu, jaji alikuwa ameshatazama saa yake mara mbili, na mimi tumbo lilikuwa linanguruma. Nikageuka nikasema, "Anasema alimruhusu ajenge."

Jaji akaandika. Kalamu yake ilikuwa bado inatembea wakati nilipojua nimekosea. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi sana: Mheshimiwa, naomba kusahihisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha katika chumba kile, na nilikuwa sina nia ya kuwa wa kwanza. Jaji akasema, "Asante, Bwana Mondesir, wewe ndiye unayetuokoa hapa," watu wakacheka kidogo, nami nikainamisha kichwa kwa madaha. Tukaenda kula. Nakumbuka nilikula ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, na nilikula zikaisha.

Hukumu ilipotoka, iliandikwa humo kwamba mdai, kwa maneno yake mwenyewe, alimruhusu mdaiwa ajenge. Ma Efrazi alishindwa.

Miaka miwili baadaye kesi ikafika rufaa. Majaji wa rufaa huja na ndege, watatu, hukaa wiki moja, kisha huenda kisiwa kingine. Safari hii mmoja wao alikuwa mwanamke, mtoto wa nyumbani, Jaji Alcindor, ambaye mama yake anaishi nyuma ya kanisa kuu na ambaye Krioli aliinyonya na maziwa. Alisoma mwenendo wa kesi, akafika kwenye ukurasa ule, akasita. Akainua uso akamwuliza wakili wa Ma Efrazi, "Wakili, mna pingamizi lolote kuhusu tafsiri?"

Wakili huyo ni Joralia Duplessis, binti hodari, lakini amelelewa Kanada. Krioli anayoijua ni ya kuagizia chakula. Akageuka akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa benchi la watumishi chini ya feni. Nami nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vinahitaji rangi.

"Hatuna pingamizi, Mheshimiwa," akasema.

Rufaa ikatupwa. Mara ya kwanza nilikuwa na njaa. Mara ya pili sikuwa na njaa.

Tulipotoka ukumbini, majaji walipita kwenye ujia kuelekea gari lao. Linus Polius, anayejua kufurahi kwa sauti, akavua kofia na kumwinamia Jaji Alcindor. "Asante sana, makonmè!" Jaji akatikisa kichwa kwa adabu, akapita.

Ma Efrazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, akasikia. Kwetu makonmè ni mwanamke aliyemshika mtoto wako siku ya ubatizo, na mwanamume aliyemshika ni konpè. Si jina la kuchezea. Mtu anaweza kumpeleka ndugu yake wa tumbo moja mahakamani, lakini konpè wake hamgusi. Basi Ma Efrazi akamshika Wakili Duplessis mkono na kumwambia, kwa Kiingereza chake cha vipande vipande, kwamba sasa ameelewa kwa nini ameshindwa.

Wiki hiyohiyo wakili akaniita ofisini kwake. Alikuwa amechangamka.

"Bwana Mondesir, neno makonmè lina maana gani? Nipe maana ya kuapia."

Nikampa.

"Kwa hiyo huyu jaji ni mama wa ubatizo wa mtoto wa Polius, na amekaa kusikiliza rufaa dhidi ya Polius! Nitaomba rufaa isikilizwe upya, mbele ya majaji wengine. Upendeleo. Siku za kuomba ni chache, na tukichelewa safari hii tumekwisha, maana wao silaha yao ni hiyohiyo, kuchelewa. Utanitilia saini hati ya kiapo kuhusu maana?"

"Maana tu?"

"Maana tu. Kuna maana nyingine?"

Ilikuwapo. Linus Polius anamwita makonmè kila mwanamke aliyemzidi heshima au aliyemzidi kilo. Anamwita hivyo muuza samaki, muuguzi wa zahanati, hata mpishi wa askofu, ambaye alishamwambia akome. Na si yeye peke yake, wazee wengi wa mlimani husema hivyo. Nilijua kabisa kwamba ni mdomo wa Linus tu.

"Hakuna inayofaa kuandikwa," nikasema.

Nikatia saini. Nilijiambia nashona nilipochana. Ma Efrazi atasikilizwa upya, majaji wengine watasoma upya, pengine nitapata upenyo wa kuitoa *ka* ile bila mtu kuuliza ilikuwa wapi. Kuhusu Jaji Alcindor nilijiambia kwamba ni mtu mkubwa, hilo halitamgusa. Ukitaka kufanya ubaya, wakubwa wote huonekana wana ngozi ngumu.

Lilimgusa. Habari za ombi zikavuja redioni, kwenye kile kipindi cha asubuhi ambacho kila mwenye simu ni hakimu. Wakambatiza Jaji Makonmè. Mmoja aliuliza kama kwenye karamu ya ubatizo alikula paja au kidari. Kanivali ilikuwa inakaribia, na kabla ya wiki kwisha kulikuwa na wimbo wa kalipso juu yake, watoto wa shule wanaiimba kituo cha basi. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na tisa, akaacha kwenda misa ya saa moja. Nilijua kwa sababu tulikuwa tunakaa safu moja, na nafasi yake ilikuwa wazi Jumapili ya kwanza, ikawa wazi ya pili. Jumapili ya pili sikupokea komunyo. Nilikaa kwenye benchi nikijifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Jumatano Wakili Duplessis akanipigia simu. "Padre wa Mòn Lézar amekubali! Kesho kutwa naenda kufungua kitabu cha ubatizo. Nikipata jina la Alcindor kwenye ubatizo wa yule binti Polius, kesi imekwisha."

Nikasema vizuri sana. Nikaweka simu chini, nikakaa.

Jina la Alcindor halimo kwenye kitabu kile. Naijua mistari ile kwa kichwa. Marva Polius, binti wa Linus. Mama wa ubatizo, shangazi yake, marehemu sasa. Baba wa ubatizo, Ignatius Mondesir. Mimi. Nilimshika mtoto yule mikononi mwangu, akalia, akanilowanisha koti, na tangu siku hiyo, miaka ishirini na sita, Linus ananiita konpè nami namwita konpè. Katika nyumba iliyojengwa kwenye chemchemi anaishi Marva na watoto wake wawili.

Fomu ya wakalimani inauliza kama una undugu wa damu au wa ndoa na wenye kesi. Haiulizi juu ya ubatizo. Nilijaza "hakuna" nikaona nimesema kweli. Na sasa nikiulizwa kama niliimeza *ka* ile kwa ajili ya njaa au kwa ajili ya Linus, nasema njaa. Lakini nikiwa peke yangu siwezi kuapa.

Kesho yake asubuhi nikapanda Mòn Lézar kwa Ma Efrazi. Nilimkuta jikoni anatengeneza vijiti vya kakao, anafinyanga uji mzito wa moto kwa viganja vyake vikavu na kuvipanga juu ya jani la mgomba.

"Ingia, Inyas. Usisimame mlangoni kama mtu wa sensa."

"Sikai, Ma. Nimekuja kusema kitu."

"Sema huku unafanya kazi basi. Nawa mikono. Kakao ikipoa haifinyangiki."

Kwa hiyo nilikiri dhambi yangu huku nafinyanga kakao, na yangu ilikuwa inatoka imepinda. Nilimweleza juu ya Ijumaa ile na maneno aliyosema. Nilimweleza na ya rufaa, jaji alivyouliza na mimi nilivyotazama viatu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Uliisikia?"

"Niliisikia, Ma."

"Mimi nilidhani ni haya mapengo yangu. Nilipoambiwa nilisema nimemruhusu, nikasema labda uzee, labda kweli nilisema. Miaka mitatu najiuliza kama nilimruhusu Linus na nikasahau." Akaacha kufinyanga. "Unajua kwamba nimewasha mishumaa? Siku arobaini namlaani yule jaji mwanamke. Mbele ya Bikira Maria, namlaani mtoto wa watu."

"Kuna lingine. Linus ni konpè wangu. Ni mimi niliyemshika Marva."

Aliokota donge lingine akaendelea. Nilidhani hasira zimemfunga kinywa.

"Nenda ukaseme," akaniambia baadaye. "Usiniambie mimi. Mimi si mahakama."

"Nitafukuzwa kazi, Ma."

"Utafukuzwa. Sasa toa mikono yako kwenye kakao yangu, unaiharibu."

Nilienda moja kwa moja kwa Wakili Duplessis. Sitaandika yote aliyoniambia, mengine alisema kwa Kifaransa cha Kanada na nashukuru sikuyashika. Aliniita mwoga, aliniita mwongo. Kisha akakaa, akafunika uso.

"Na mimi niliulizwa," akasema. "Alcindor alinipa mlango wazi, nikaufunga kwa mkono wangu. Hatuna pingamizi! Alikuwa anamsaidia mteja wangu, nami nimempaka matope."

Siku hiyohiyo aliondoa madai dhidi ya jaji na kumwandikia barua ya kuomba radhi. Mimi niliandika yangu. Jaji Alcindor hakunijibu, na hakuwa na sababu ya kunijibu. Redio haikusoma barua zetu. Kalipso iliendelea.

Halafu wakili akafikiri. "Kosa la tafsiri peke yake halitufikishi popote. Watasema tumechelewa. Niliulizwa tukiwa mbele ya majaji, nikakubali tafsiri. Umebaki mlango mmoja. Mkalimani alikuwa konpè wa mshindi wa kesi. Huo ndio upendeleo, na huu ni wa kweli, umo kitabuni. Lakini watauliza jambo moja tu: Ma Efrazi alijua lini? Kama hakujua, tuna rufaa mpya. Kama alijua siku ile ya kwanza akanyamaza, basi alikubali, na hawezi kulalamika baada ya kushindwa. Alijua?"

"Marva alibatizwa Ma Efrazi akiwa shamba la ndizi upande wa kusini," nikasema. "Pengine hakujua."

"Pengine," akasema wakili. Alimwuliza Ma Efrazi mwenyewe, kwa kinywa cha mtu mwingine, si changu. Ma Efrazi alimjibu, wakiniuliza nitawajibu. Hakutoa zaidi ya hapo.

Nilisimamishwa kazi. Linus akanikuta sokoni mbele ya watu wote, mkono mmoja kiunoni.

"Konpè! Nasikia unanivunjia nyumba."

"Sivunji, Linus. Nasema nilichosikia."

"Umesikia leo? Miaka mitatu masikio yalikuwa likizo? Mtoto ulimshika wewe mwenyewe, ukaahidi mbele ya padre utamtunza, leo unataka alale nje na vitoto vyake?" Akageukia wauza mboga. "Makonmè zangu, mtazameni vizuri huyu. Mkitaka baba wa ubatizo, msimkose!"

Wanawake walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kuhusu Marva alikuwa amesema kweli. Aliyemdanganya Ma Efrazi tangu mwanzo ni yeye na banda lake la nguruwe, lakini mtoto hakudanganya mtu.

Siku mbili kabla ya ombi kusikilizwa nilipanda tena Mòn Lézar. Safari hii nilienda kufanya jambo ambalo linaniumiza kuliko yote niliyotangulia kuyataja. Ma Efrazi alikuwa anaanika nguo.

"Ma, watakuuliza kama ulijua mimi ni konpè wa Linus."

"Duplessis ameniambia."

"Hukujua. Ulikuwa kusini wakati ule. Ni rahisi. Sema hukujua, rufaa inasikilizwa upya, ardhi inarudi."

Akabana nguo ya mwisho kwenye kamba, akanigeukia. "Na wewe utalala usingizi?"

"Si kwa ajili yangu, Ma."

"Ni kwa ajili yako, Inyas. Ya kwangu mimi nayajua. Umekuja kunifundisha la kusema kizimbani?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nenda nyumbani, mwanangu. Umekonda. Ule kitu."

Nikashuka mlima huku najiambia kwamba hakukataa. Alisema niende nyumbani, hakusema hapana. Mtu aliyezoea kukata maneno ya wenzake hupata anachotaka ndani ya sentensi yoyote.

Majaji walikuwa watatu, wote wa visiwa vingine. Mkalimani alikuwa mwanamke wa makamo kutoka wilaya ya kusini, mtulivu, anayesema neno kwa neno mpaka anachosha. Mimi nilikuwa kwenye viti vya watu wa kawaida. Hati yangu mpya ya kiapo ilisomwa kwa sauti, pamoja na sehemu ile nilipoulizwa kama nilifanya hivyo kwa ajili ya Linus, nami nikajibu, sijui. Jaji kiongozi aliirudia mara mbili. "Hajui," akasema, akatikisa kichwa.

Wakili wa Linus akasimama, akaomba ruhusa ya kumwuliza Ma Efrazi maswali machache. Ikatolewa. Ma Efrazi akapanda kizimbani, akashika ukingo.

"Mama, ulipotoa ushahidi wako miaka mitatu iliyopita, ulijua kwamba Bwana Mondesir ni baba wa ubatizo wa binti wa Polius?"

Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu. Wakili Duplessis hakuinua kichwa. Neno moja tu lilitakiwa, neno dogo, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuthibitisha kwamba si kweli.

"Nilijua," akasema Ma Efrazi. "Mòn Lézar yote inajua."

Mkalimani akatafsiri. Wakili wa Linus akainama kwa heshima, akakaa. Hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Nilimwona Duplessis anafunga kalamu yake. Lakini jaji kiongozi aliegemea mbele, na nadhani hakuuliza kama jaji, aliuliza kama mtu.

"Sasa kwa nini hukusema kitu siku ile, mama? Ulijua mkalimani ni mtu wa upande wa pili, ukamwachia akusemee?"

Ma Efrazi alinitafuta kwa macho katika viti mpaka akanipata.

"Nilimwona ameshika Biblia," akasema. "Ameapa mbele yangu kwamba atasema nitakachosema. Nikajiambia basi, hapo hakuna konpè tena. Mtu ameshaapa, nimwambie nini? Nimwambie simwamini?"

Mkalimani yule akatafsiri yote, polepole, hakuacha hata neno. Jaji akaandika mstari mmoja.

Walitoka, wakarudi baada ya dakika ishirini. Walisema kosa ni zito na wanalisikitikia. Walisema mwombaji alijua tangu siku ya kwanza, akachagua kunyamaza, na hawezi baada ya miaka mitatu kulalamikia jambo alilolikubali. Ombi limechelewa. Limekataliwa.

Ma Efrazi alimwuliza mkalimani wamesemaje, akaambiwa, akatikisa kichwa taratibu. Linus alitoka bila kupiga kelele. Wakili Duplessis alikuwa amegeukia ukuta.

Mbele ya jengo lile kuna ngazi kumi na nne za mawe, bila kishikio. Nilikuwa nimesimama pembeni, natafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Ma Efrazi alifika ngazi ya juu, akatazama chini, akatazama kushoto na kulia. Kisha akanyoosha mkono akashika wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Tukashuka ngazi moja moja, uzito wake wote juu ya mkono wangu. Nilitamani anipige, anitemee mate. Aliniuliza tu kama basi la Mòn Lézar limeshaondoka.